Edwin Armstrong: Aliyesafisha sauti ya redio za magari akafa kabla ya kuonja ushindi

MWENYE gari anayetaka muziki mtamu barabarani aghalabu huanza kwa kununua spika kubwa. Fundi akiisha kuzifunga milangoni, huongeza amplifaya chini ya kiti na kasha la besi kwenye buti, na gari zima likatetemeka.

Hata hivyo, spika haina uwezo wa kuunda sauti safi. Kazi yake ni kuitoa ile iliyoletewa. Ikiwa redio imenasa mikwaruzo, amplifaya itaikuza mikwaruzo hiyo pamoja na wimbo wenyewe.

Mtu aliyeling'amua jambo hili mapema, na kuutolea umri wake wote, ni mhandisi Mmarekani aitwaye Edwin Howard Armstrong. Redio za magari za karne ya 20 zilijengwa juu ya uvumbuzi wake mara mbili: mfumo uliowezesha chombo kidogo kunasa mawimbi hafifu, na utangazaji wa FM uliofukuza mikwaruzo.

Dunia nzima ilifaidi matunda ya bongo lake. Mwenyewe aliaga dunia mnamo 1954 akiwa na umri wa miaka 63, baada ya kutumia sehemu kubwa ya mali yake mahakamani na pasipo kuona haki ikitendeka.

Armstrong alizaliwa mnamo Desemba 18, 1890 jijini New York. Babake, John Armstrong, alifanya kazi katika tawi la Marekani la shirika la uchapishaji la Oxford University Press. Mamake, Emily, alikuwa mwalimu.

Alipokuwa mtoto wa takriban miaka minane aliugua maradhi yanayosababisha viungo kutikisika bila hiari. Maradhi hayo yalimwachia dosari ya kudumu, kwani bega na shingo yake vilikuwa vikishtuka kila alipotaharuki. Kwa muda alilazimika kusomeshwa nyumbani.

Upweke huo haukumvunja moyo. Familia ilikuwa imehamia Yonkers, kaskazini mwa jiji, katika nyumba iliyotazama mto Hudson. Ghulamu huyo alikigeuza chumba cha juu kuwa karakana ya nyaya na vifaa vya simu za upepo.

Kadhalika alisimamisha uani mlingoti wa antena wenye urefu wa futi zipatazo 125, akaukwea mwenyewe bila hofu. Mapenzi ya kupanda minara marefu hayakumtoka hadi utu uzimani.

Mnamo 1909 alijiunga na Chuo Kikuu cha Columbia kusomea uhandisi wa umeme. Kila siku alisafiri kutoka Yonkers kwa pikipiki nyekundu. Chuoni alifunzwa na Profesa Michael Pupin, msomi mashuhuri ambaye baadaye alifanya naye utafiti.

Uvumbuzi wa kwanza

Wakati huo kulikuwapo vali ya kioo iliyoitwa Audion, iliyobuniwa na Lee de Forest mnamo 1906. Iliweza kunasa mawimbi ya redio, lakini hata mbunifu wake hakuwa ameeleza barabara jinsi ilivyofanya kazi.

Mnamo 1912, akiwa angali mwanafunzi, Armstrong aligundua kwamba sehemu ya umeme unaotoka katika vali hiyo inaweza kurudishwa ilikoingilia ili ikuzwe tena na tena. Sauti iliyokuwa ya kunong'ona, isiyosikika ila kwa vifaa vya masikioni, ikawa kubwa ya kujaza chumba.

Aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mnamo 1913 na kuipata Oktoba 1914. Hapo ndipo balaa lilipoanza. De Forest naye alidai kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuugundua mtindo huo, na kesi ikaendelea kwa takriban miaka 20.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mnamo 1917, Armstrong alijiunga na kikosi cha mawasiliano cha jeshi na kupelekwa Paris, Ufaransa. Huko mnamo 1918 alibuni mfumo uitwao supahetarodini.

Katika mfumo huu, redio huyapokea mawimbi ya stesheni yoyote ile na kuyageuza yawe ya masafa mamoja maalumu. Sehemu inayoyakuza na kuyachuja haihitaji tena kurekebishwa kila msikilizaji anapobadilisha stesheni, kwa hivyo inaweza kuundwa kwa ustadi mkubwa ili ikidhi masafa hayo pekee.

Umuhimu wa jambo hili kwa gari ni bayana. Antena ya gari ni fupi, na gari huondoka penye mawimbi yenye nguvu likaingia penye mawimbi hafifu kwa muda wa dakika chache. Redio iliyohitaji waya mrefu juu ya paa la nyumba na vishikizo kadhaa vya kurekebisha isingefaa. Redio za magari zilipoenea katika miaka ya 1930, mfumo wa Armstrong ulikuja kuwa msingi wake.

Uvumbuzi huo ulimtajirisha. Mnamo 1920 aliuzia kampuni ya Westinghouse hataza zake kwa dola 335,000. Miaka miwili baadaye kampuni ya redio ya RCA ilinunua uvumbuzi wake mwingine na kumlipa fedha pamoja na hisa nyingi, hata akawa mwenye hisa mkubwa zaidi miongoni mwa watu binafsi.

Ni katika ofisi za RCA alikokutana na Marion MacInnis, karani wa David Sarnoff, mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo na rafiki wa Armstrong. Mhandisi huyo, aliyekuwa amenunua gari la fahari aina ya Hispano-Suiza, alimchumbia binti huyo na kufunga naye ndoa Desemba 1923.

Zawadi aliyompa mkewe ilikuwa redio ya supahetarodini inayobebeka mkononi. Walikwenda nayo fungateni Palm Beach, jimboni Florida.

Kesi na de Forest haikuwa na mwisho mwema. Mnamo 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba de Forest ndiye mwenye haki. Wahandisi wengi walishikilia kwamba majaji hawakuielewa sayansi iliyohusika.

Armstrong alifika mbele ya chama cha wahandisi wa redio kurudisha nishani ambayo kilikuwa kimemtunuku miaka mingi awali kwa uvumbuzi huo. Chama kilikataa kuipokea, na wanachama wakamshangilia.

Vita dhidi ya mikwaruzo

Wakati kesi hiyo ikiendelea, Armstrong alikuwa akipambana na adui mwingine. Tangu alipokuwa na Profesa Pupin, alikuwa akitafuta dawa ya mikwaruzo iliyoharibu matangazo ya redio.

Matangazo ya wakati huo yalitumia mtindo wa AM, ambapo sauti hubebwa kwa kuongeza na kupunguza nguvu ya wimbi. Radi inapopiga, nayo huongeza nguvu hiyo. Cheche za plagi katika injini ya gari hufanya vivyo hivyo maelfu ya mara kwa dakika. Redio haina namna ya kutenga kilichotumwa na mtangazaji na kilichoongezwa na cheche.

Suluhisho la wengi lilikuwa kuongeza nguvu ya mitambo ili mtangazaji azishinde kelele. Armstrong alichukua njia nyingine. Aliliacha wimbi liwe na nguvu ileile daima, na badala yake akabadilisha masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kulingana na sauti.

Katika mtindo huo, unaoitwa FM, redio hukata chochote kinachozidi kiwango maalumu cha nguvu. Kishindo cha radi na mlio wa plagi hukatwa kwa sehemu kubwa kabla ya kufika kwenye spika, ilhali sauti iliyo ndani ya masafa hubaki salama.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuutupilia mbali mtindo huu. Mwanahisabati John Carson alikuwa ameonyesha mnamo 1922 kwamba haungeweza kubana nafasi inayotumiwa na stesheni, na wengi wakauona hauna manufaa. Armstrong aliligeuza wazo hilo juu chini kwa kuipa stesheni nafasi pana kuliko ilivyozoeleka.

Stesheni ya AM nchini Marekani ilitengewa kilohezi 10, ilhali ya FM ilikuja kutengewa kilohezi 200. Upana huo ndio uliozidi kuzima kelele, na ukatoa nafasi kwa sauti nyembamba za juu kama za filimbi na matoazi, hadi kilohezi 15. Sauti hizo hazikuweza kupita kikamilifu katika AM.

Alipewa hataza za FM mnamo Desemba 26, 1933. Sarnoff, ambaye kwa muda mrefu alitamani kifaa cha kuondoa mikwaruzo, alimruhusu kufanya majaribio kutoka kilele cha jumba la Empire State Building jijini New York. Katika majaribio ya 1934, matangazo yalisikika vyema umbali wa maili 70, hata wakati wa radi.

Novemba 1935 alihutubia kikao cha wahandisi jijini humo, kisha akawasikilizisha matangazo ya FM yaliyorushwa kutoka nyumbani kwa rafiki yake Yonkers. Wahandisi walisikia maji yakimiminwa katika gilasi na karatasi ikichanwa, kana kwamba mambo hayo yalitendeka mle ukumbini.

Rafiki ageuka mpinzani

RCA ilikuwa na biashara kubwa ya AM, na fedha zake za utafiti zilielekezwa kwenye televisheni. Mwaka uo huo wa 1935 Armstrong aliambiwa aondoe mitambo yake katika jumba la Empire State.

Hakukata tamaa. Alitumia zaidi ya dola 300,000 za mfukoni mwake kujenga kituo chake huko Alpine, New Jersey, chenye mnara wa zaidi ya futi 400. Kufikia 1939 kituo hicho kilikuwa kikitangaza kwa nguvu zote.

Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliidhinisha utangazaji wa kibiashara wa FM kuanzia Januari 1, 1941, katika masafa ya kati ya megahezi 42 na 50. RCA ilikuwa imetaka kumlipa dola milioni moja kwa mkupuo ili itumie uvumbuzi huo. Alikataa, kwa sababu kampuni nyingine zilikuwa zikimlipa ada kwa kila redio iliyouzwa, na hakuona sababu ya kuipendelea RCA.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliliruhusu jeshi la Marekani kutumia hataza zake bila malipo. Redio za FM zilifungwa katika vifaru na magari ya kivita, ambamo ngurumo na cheche za injini zilikuwa kero kubwa kwa mawasiliano. Wanajeshi hao walionja uzuri wa FM ndani ya gari kabla ya raia wengi.

Mnamo 1945 FCC iliamua kuihamishia FM katika masafa ya megahezi 88 hadi 108. Tume hiyo ilihofia kuwa katika masafa ya awali matangazo yangeingiliana kutokana na athari za jua angani. Armstrong alipinga hoja hiyo bila mafanikio.

Uamuzi huo ulikuwa pigo kubwa. Mamia ya maelfu ya redio za FM zilizokuwa zimenunuliwa na wananchi ziligeuka kuwa samani tu, na vituo vikalazimika kununua mitambo mipya. FM ilirudishwa nyuma kwa miaka mingi.

Fauka ya hayo, RCA na kampuni nyingine ziliunda redio na televisheni zilizotumia FM bila kumlipa ada. Julai 1948 Armstrong aliishtaki RCA pamoja na shirika lake la utangazaji, NBC. Mawakili wa kampuni hiyo walimhoji kwa muda mrefu, na kesi ikavutwa mwaka baada ya mwaka ilhali hataza zake zikifikia kikomo mnamo 1950.

Fedha zilipungua, afya ikadhoofu na nyumba ikakosa amani. Mnamo Novemba 1953 Armstrong aligombana na Marion na kumpiga mkononi kwa chuma cha kuchochea moto. Mkewe aliondoka na kwenda kuishi kwa dadake katika jimbo la Connecticut.

Usiku wa Januari 31, 1954 Armstrong alimwandikia mkewe barua ya kumwomba radhi. Kisha alivaa koti, kofia na glavu, akatoka kwa dirisha la nyumba yake iliyokuwa ghorofa ya 13 jijini New York na kujitoa uhai. Mwili wake ulipatikana asubuhi iliyofuata.

Mjane akamilisha safari

Marion hakuiacha kazi ya marehemu mumewe ipotee. Mwishoni mwa mwaka uo huo wa 1954 RCA ilikubali kulipa zaidi kidogo ya dola milioni moja, kiasi kinachokaribia kile ambacho Armstrong alikikataa mnamo 1940.

Mjane huyo aliendelea kuzifuata kampuni nyingine moja baada ya nyingine. Kesi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Motorola, kampuni iliyojipatia jina kwa kuuza redio za magari kuanzia 1930. Ilimalizika mnamo 1967 kwa ushindi wa Marion, miaka 13 baada ya kifo cha mumewe.

Kufikia wakati huo FM ilikuwa imeanza kushika usukani. Kampuni ya Blaupunkt ya Ujerumani ilikuwa imeunda redio ya gari ya FM mnamo 1952. Mnamo 1961 FCC iliidhinisha FM ya stereo, ambapo stesheni moja hubeba sauti ya kushoto na ya kulia. Jambo hili liliwezekana kwa sababu ya upana wa nafasi ambao Armstrong aliupigania.

Katika miaka ya 1970 wasikilizaji wa FM nchini Marekani waliwapiku wale wa AM. Serikali ya nchi hiyo ilitoa stempu yenye picha ya Armstrong mnamo 1983.

Mnara wa Alpine nao ungali na kisa chake. Magaidi walipoangusha majengo ya World Trade Center mnamo Septemba 11, 2001, antena zilizokuwa juu yake ziliangamia. Baadhi ya stesheni za televisheni za New York zilikimbilia mnara huo wa Armstrong ili zirejee hewani.

Funzo kwa madereva wa Kenya

Nchini Kenya, FM ilichukua muda kufika kwa wengi. Kwa miongo kadhaa redio ya taifa ilisikika hasa kupitia masafa ya kati na mafupi. Kuzuka kwa stesheni za kibinafsi, ikiwemo Capital FM mnamo 1996, ndiko kulikobadilisha ladha ya muziki ndani ya magari na matatu.

Mkasa wa 1945 nao una mfano wake humu nchini. Redio za magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani hunasa megahezi 76 hadi 90, na zile za miaka ya karibuni hadi 95, ilhali stesheni za Kenya hutumia 87.5 hadi 108. Mnunuzi wa gari kuukuu kutoka Japani hujikuta na redio nzima isiyonasa stesheni azipendazo, sawa na Wamarekani wa enzi hiyo.

Mafundi hutatua tatizo hilo kwa kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, ambacho huyashusha masafa hadi yale ambayo redio inayafahamu. Kifaa hicho hufanya kazi kwa kuyachanganya mawimbi ili yabadilike masafa, kanuni ileile aliyoitumia Armstrong jijini Paris mnamo 1918. Hata hivyo, kikiwa cha hali duni huongeza mikwaruzo na kuzifanya stesheni ziingiliane, na hapo ni bora kununua redio inayofikia 108.

Kabla ya dereva kufungua pochi kwa ajili ya spika, inafaa aikague antena, waya wake na mahali ulipounganishwa na bodi ya gari. Aidha, asikilize iwapo kuna mlio unaopanda na kushuka mguu unapokanyaga mafuta. Mlio huo hutokana na alteneta, plagi au waya uliofungwa vibaya, na spika za bei ghali zitaufanya usikike vizuri zaidi.

Antena ikiwa sawa na bado sauti inafifia na kurudi katikati ya majumba marefu, hiyo si hitilafu. Mawimbi hugonga kuta na kufika kwa njia mbili au zaidi, yakapingana. Baadhi ya redio huzichanganya sauti za kushoto na kulia kwa muda ili kupunguza usumbufu huo.

Kazi ya Armstrong ilikuwa kuisafisha sauti kabla haijakuzwa, na utaratibu huo haujapitwa na wakati. Waliofaidika nao kibiashara walitumia mawakili kumnyima jasho lake, na ilibidi mjane wake asimame mahali pake hadi mahakama ikiri aliyoyatenda.

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake umpe. Armstrong alipewa haki yake akiwa kaburini.